Naomba ushauri: majeruhi wa kichwa aliyekaza meno ndani ya ambulensi

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa ambulensi, barabara ya Chalinze–Segera. Juzi tulimbeba kijana wa bodaboda: kaumia kichwa, mdomo umejaa damu, meno kayakaza. Nikainua taya, nikafyonza damu, nikampa hewa kwa ambu bagi (mfuko wa kupuliza hewa unaobinywa kwa mkono) mpaka hospitali. Bado nawaza kama nilimtendea haki.

Utafiti wa AIRWAYS-2 wa Uingereza (2018), wagonjwa zaidi ya 9,000, haukuona mrija wa koo la hewa ukiishinda i-gel (kifaa laini cha hewa kinachopitia mdomoni na kukaa juu ya koo la hewa), ila wale moyo ulikuwa umesimama. Wangu alikuwa anakoroma.

Mliozoea ajali, meno yakikaza hivyo na dawa za usingizi huna, mnafanyaje? Mrija wa puani naogopa, huenda fuvu limevunjika kwa chini.