Tupeane uzoefu: mto ulipoingia nyumbani kwenu ushago

Mkaazi wa Umoja, kwetu Budalang'i
Wadau, masika yakianza, wengi wetu hapa Nairobi roho huwa iko nyumbani. Nzoia inateremka kutoka Cherang'any na Mlima Elgon, kwa hivyo maji yanaweza kutufikia bila hata tone kuanguka kwetu. Matuta ya kando ya mto yakikatika, kijiji kizima kinahama. Mama yangu huchomeka kijiti pale maji yanapoishia jioni, na alfajiri anaenda kukiangalia. Kikiwa kimezama, mahindi yanapanda darini na mbuzi wanapelekwa kwa shangazi, kwenye mwinuko. Nyinyi mnajuaje kwamba maji yanakuja? Mnaokoa nini kwanza?

Kayole, kwetu Ahero
Sisi tunaangalia rangi. Nyando ikigeuka nyekundu na kuanza kuleta majani na magogo, ujue huko Nandi kumenyesha vibaya. Vitambulisho, vyeti vya watoto na hati ya shamba viko kwenye mfuko mmoja wa nailoni, umening'inizwa karibu na mlango.
Ila kazi kubwa ni baada ya maji kupungua. Choo kimejaa na kumwagika, kisima kimeingiwa na uchafu huo huo, na kuta za udongo zilizolowa zinaanguka watu wakiwa wamesharudi kulala ndani. Chemsheni maji ya kunywa au mtie dawa. Kipindupindu hakingoji.

Eastleigh, kwetu Hola
Ndugu zangu, Tana inakupa muda ukiitegea sikio. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, maji yanajaza Masinga na mabwawa yanayofuata, kisha yakimwagika yanachukua siku kadhaa kupita Garissa hadi kutufikia. Nikisikia redioni Masinga imejaa, simu ya kwanza naipiga kwa baba mdogo. Huwa amelima kando ya mto, migomba na mpunga. Anavuna hata ambavyo havijakomaa vizuri, na mtumbwi anaufunga karibu na nyumba.
Na niseme ukweli, wazee wetu hawauchukii mto kufurika. Tope linalobaki ndilo linalootesha mpunga. Mafuriko ya wastani ni riziki. Lakini yale ya El Niño ya 1997 yalichukua kila kitu, na ya mwishoni mwa 2023 watu waliishi kwenye mahema muda mrefu. Mtu wa mtoni ukimwambia tu "hama", hakuelewi. Mwambie maji yamefika wapi na yatamfikia lini.

Pipeline, kwetu Mwingi
Kwetu mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Tunachimba visima humo, punda wanapita humo. Halafu unasikia mngurumo na jua linawaka. Ukiusikia, acha mtungi, acha punda, panda ukingo. Desemba 2021 basi la wanakwaya lilisombwa kwenye Mto Enziu likijaribu kuvuka, wakafa watu zaidi ya 30. Maji ya magotini yenye kasi yanamwangusha mtu mzima. Dereva akisema "tutapita tu", shukeni.

Kinoo
Jamaa zangu walikuwa Mai Mahiu usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024. Maji yalikusanyika nyuma ya njia ya chini ya reli iliyoziba huko Old Kijabe, yakapasua tuta watu wakiwa usingizini. Hapakuwa na kijiti wala rangi ya kuangalia. Kama juu yenu kuna tuta la reli au bwawa la mtu, nendeni mkalitazame mchana, na mkiona limeziba mwambieni chifu.

Mkaazi wa Umoja
Poleni sana, ndugu wa Kinoo. Naona karibu wote tunategemea mtu wa juu kutuambia. Kuna walio na jamaa huko?

Kawangware, kwetu Nandi Hills
Mvua mnayoiogopa huanzia kwetu. Ndugu wa Ahero, nitumie namba yako faraghani. Babu akiniambia imepiga usiku, nitakupigia saa hiyo hiyo.