Shule za rangi zilifutwa. Za pesa je?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Tangu juzi nabishana na shemeji yangu, naomba mtuamue. Enzi za mkoloni Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Sheria ya 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, ikafuta mgawanyo huo. Sheria ya 1969 ikazileta shule za misheni zilizopata ruzuku chini ya serikali. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikamlazimisha mzazi amwandikishe mtoto akifika miaka 7. Halafu 1995 sheria hiyohiyo ikarekebishwa, shule binafsi zikafunguliwa mlango. Leo mtoto wa jirani anapitiwa na basi la njano saa 11 alfajiri, wangu anakwenda kayumba, shule ya serikali, kwa miguu. Nasema tumerudisha madaraja. Shemeji anasema huo si ubaguzi, ni uwezo wa mtu. Mnasemaje?

Mchangiaji 1:
Shemeji yuko sahihi. Zamani hata ukiwa na hela, rangi ilikukwamisha. Na tusizipambe sana enzi za usawa. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote (UPE), watoto walijazwa madarasani, walimu hakuna, ikabidi waliomaliza la saba ndio wafundishe huku wakijifunzia kazini. UPE tukaiita "Ualimu Pasipo Elimu". Tulikuwa sawa kweli, chini ya mwembe.

Mchangiaji 2:
Mwanangu, huyo wa "Pasipo Elimu" ndiye aliyenifundisha kusoma, mwache. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza naandika ubaoni sentensi moja tu ya Kiingereza kuhusu seli. Wa ingilishi midiamu kashanyoosha mkono. Wa kayumba ananakili herufi moja moja, kama anachora. Nikimuuliza kwa Kiswahili anajibu vizuri tu, kuna mmoja alinitolea mfano wa tofali na ukuta ambao sikuwa nimeutaja. Lakini mtihani haumuulizi kwa Kiswahili. Miaka saba sisi wenyewe tumemfundisha kwa lugha moja, kisha tunampima kwa nyingine. Basi la njano halinisumbui hata kidogo, hilo ndilo linalonisumbua.

Mchangiaji 3:
Mnasahau mabinti. Waraka wa elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada, ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, tunashukuru. Ila binti akipata mimba alifukuzwa, na mpaka Novemba 2021 ndipo wizara ikatangaza kwamba akijifungua aruhusiwe kurudi. Dada yangu aliondolewa kidato cha pili. Kijana aliyempa mimba alimaliza cha nne shule ileile, picha ya mahafali ninayo.

Mchangiaji 1:
Pole sana, ndugu. Kwa hilo sina ubishi.

Mleta mada:
Mwalimu, umenihamisha nilipokuwa. Sitaki tena shule binafsi zifungwe. Nataka baiolojia ya sekondari ifundishwe na kutahiniwa kwa lugha ambayo yule mtoto wa tofali alijibia. Shemeji anasoma hapa pembeni yangu, anasema Kiswahili hakina maneno ya fizikia. Nimemwambia ajiunge aandike mwenyewe, anatafuta chaja.