Wateja kuja nyumbani, kiwanja cha makazi Ilazo

Swali: Wakuu habari, nashona nguo nyumbani huku Ilazo, Dodoma, hati ya kiwanja inasema makazi tu, sasa wateja wanakuja kupimwa na jirani analalamika magari yanaziba njia, anasema atanishtaki, hivi sheria ikoje jamani?

Jibu: Dada, cherehani sio shida, shida watu kuingia na kutoka kutwa nzima. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka ukibadili matumizi ya kiwanja uwe na kibali, nenda ofisi za jiji kaonane na afisa mipango miji, beba kopi ya hati. Leseni ya biashara ni kitu kingine kabisa.

Jibu: Mi naona anza na jirani. Wateja wapige simu kwanza, waje mmoja mmoja na wapaki ndani kwako.