Naomba ushauri: programu yetu inahesabu mabadiliko ya DNA ya kurithi kama ya saratani

Msomaji wa DNA: Wakuu, habari za jioni. Naongoza timu ya watu watatu inayotengeneza programu za kuchambua DNA ya saratani katika hospitali moja hapa Dar. Tunasoma kinyama cha uvimbe peke yake, bila damu. Mabadiliko ya kurithi tunayachuja kwa gnomAD, hifadhidata ya mabadiliko ya DNA yaliyokutwa kwa watu wengi. Lisilokuwemo humo tunalihesabu kuwa la uvimbe.

Wiki iliyopita mama mwenye saratani ya utumbo mpana alitoka na mabadiliko 17 katika herufi milioni 1.2, yaani 14 kwa kila milioni. Tangu Juni 2020 Marekani wameidhinisha pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, kwa uvimbe unaofikisha 10 kwa kila milioni, hivyo daktari akawaambia ndugu waanze kuchanga. Roho haikutulia. Nikaomba damu yake, tukaisoma: 10 kati ya yale 17 yamo kwenye damu. Kazaliwa nayo. Hesabu ikashuka hadi 6.

Ripoti 31 zimeshatoka hivi. Bosi hataki turudi nyuma, na anasema kusoma damu kutaongeza gharama mara mbili. Nifanyeje?

Mtu wa Maabara: Pole mkuu, na hongera kwa kuomba ile damu. gnomAD ina watu zaidi ya 800,000, ila wengi ni wa asili ya Ulaya. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa utafiti wa jenetiki Afrika, walichapisha jenomu (DNA nzima) za Waafrika 426 wa makabila 50, wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 yasiyowahi kuandikwa. Mgonjwa wa Mbeya akija na mabadiliko ya kwao, programu itayajuaje? Iondoe ile hesabu ya mabadiliko kwa milioni kwenye ripoti kesho asubuhi. Jeni za KRAS na BRAF ziache, mabadiliko yake yanayoongoza tiba yanajulikana herufi kwa herufi.

Kipimo: Gharama haifiki mara mbili. Uvimbe mnausoma mara 500 na zaidi kwa kila herufi. Damu mara 100 inatosha. Angalia pia vinyama vilivyokaa sana kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, herufi C ya DNA hugeuka T na kuongeza hesabu.

Daktari wa Saratani: Ndugu yangu, daktari akiona 14 anaona dawa. Maelezo madogo ya chini hasomi. Anza na zilizovuka 10, hasa ambao wameshaanza dawa. Mpigie daktari wao simu, barua pepe itachelewa.

Msomaji wa DNA: Asanteni sana. Zilizovuka ni tano, wawili wako kwenye dawa. Kesho saa mbili naingia kwa mkuu wa patholojia na orodha mkononi, bosi nitamweleza baadaye. Mmoja kati ya watano ameshafariki. Yake tuirekebishe?

Daktari wa Saratani: Irekebisheni. Na kama kuna mabadiliko ya BRCA humo, jeni za saratani ya kurithi, zungumzeni na familia. Watoto wake wapimwe damu.