Samaki na kamba wa bwawani: ni salama kula?

ndoano_butu
Wakuu, habari zenu. Nimeanza kuvua kwenye bwawa lililopakana na mashamba. Ndoano inaleta perege na kambale, mtego wa waya unaleta kamba wa maji baridi, wale wenye magando. Shemeji yangu kashika msimamo kwamba chochote cha maji yaliyotuama kina minyoo na sumu. Mwanangu mdogo naye kila siku anawadai kamba. Niwaache? Na je, ni kweli ndimu inaua vimelea?

matamvua
Mkuu, shemeji yako ana hoja, ila kachanganya mambo mawili. Minyoo dawa yake ni moto. Sumu haijali moto.

Nimeparua samaki kwa riziki tangu ujana, kwa hiyo nianze na kamba. Hao na kaa wa mtoni wanaweza kubeba mnyoo bapa wa mapafu, Paragonimus. Ukimla kamba hajaiva, lava, yaani watoto wa mnyoo huyo, wanatoboa utumbo, wanapanda hadi mapafuni, unaanza kukohoa damu na watu wanadhani ni kifua kikuu. Majimaji ya kamba mbichi yakibaki kwenye ubao halafu ukakatia kachumbari, umeshamlisha mtoto. Osha ubao na kisu kwanza.

Kamba awe hai anapoingia kwenye sufuria. Aliyekufa zamani tupa, usimwonee huruma. Akishaiva, shika kile kipande cha katikati cha mkia, kisokote, kivute taratibu: utumbo mweusi unatoka mzima kama uzi. Ule urojo wa njano wa kichwani ndio ini lake, na ndiko metali nzito na sumu za mwani hujikusanya. Najua wapo wanaoufyonza hadi macho yanafumba. Kwa maji nisiyoyajua, mimi siugusi.

Ndimu? Inaifanya nyama iwe nyeupe ionekane imeiva, basi. Vimelea viko palepale. Samaki afike nyuzi 63 za Selsiasi katikati. Kama huna kipimajoto, nyama iachane na mfupa bila kulazimishwa. Kugandisha kunasaidia kwa samaki, lakini ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, si friza inayofunguliwa kila saa.

ndoano_butu
Asante sana mkuu. Na hiyo sumu isiyojali moto?

matamvua
Zebaki iko ndani ya nyama yenyewe, huwezi kuikata ukaitupa. Inapanda kadiri samaki anavyokula samaki wenzake na kuzeeka, kwa hiyo lile dume la kambale unalotaka kupiga nalo picha ndilo la kuogopa. Mtoto na mjamzito wape perege wa wastani. Kuna kemikali nyingine zinazokaa kwenye mafuta: toa ngozi na mafuta ya tumboni, kisha banika mafuta yadondoke. Maji yakiweka utando wa kijani unaonuka, usivue kabisa. Sumu ya mwani ule haiondoki kwa kuchemsha.

Ila swali langu ni hayo mashamba. Yananyunyiziwa nini, na mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi? Mwenye shamba ndiye wa kuulizwa, si sisi huku.

kombe_tupu
Naongeza mawili. Mwenye mzio wa kamba wa baharini asijaribu hawa, protini inayomdhuru ni ileile. Pili, ukila samaki au kamba wa maji baridi kisha ndani ya siku moja misuli ikauma vibaya na mkojo ukawa na rangi ya kahawa, kimbia hospitali. Unaitwa ugonjwa wa Haff, uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1924 pwani ya Baltiki. Ni nadra, lakini unaweza kuharibu figo, na kupika hakuuzuii.

ndoano_butu
Nimeongea na mwenye shamba. Ananyunyizia nyanya kila wiki, na mfereji wake unaishia bwawani.

matamvua
Basi toa mtego humo, mkuu. Tafuta maji yaliyo juu ya shamba.