Mjadala: Moto ukizuka kwenye ploti (jengo la nyumba za kupanga), vifaa na ufunguo ni jukumu la nani?

Mpangaji, mtaa wa Pipeline, Nairobi (mwanzisha mada)

Wenzangu mnaokaa nyumba za kupanga, na nyinyi mnaozimiliki, leo tuambiane ukweli. Msimamo wangu ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayepaswa kununua, kuweka na kutunza vifaa vya kuzimia moto katika jengo lake, na jukumu hilo linaanzia kwenye njia ya kutokea kabla ya kufika kwenye mtungi mwekundu. Mpangaji ana wajibu wake pia. Lakini ngazi, korido, geti, paa na nyaya zilizozikwa ukutani si za mpangaji. Hana ruhusa hata ya kuzigusa. Anayezitozea kodi ndiye wa kuulizwa.

Tazameni ghorofa ya kawaida huku kwetu. Orofa saba au nane, ngazi moja tu, bedsita, yaani nyumba za chumba kimoja, zimetazamana kwenye korido ambamo watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibane ukutani. Dirisha lina grili iliyochomelewa. Mlango wa paa una kufuli. Geti linafungwa saa tano usiku na ufunguo anao keateka, mtunzaji wa jengo, peke yake. Kwenye orofa ya kwanza umetundikwa mtungi wa poda wa kilo 6. Ukiusogelea unakuta mshale wa kipimo umelala kwenye rangi nyekundu, yaani presha imeisha, kikaratasi cha fundi aliyeukagua kimefifia hata tarehe haisomeki, na mtungi wenyewe umefungwa mnyororo usiibwe. Kuanzia orofa ya pili kwenda juu hakuna chochote.

Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa 2008 unasema wazi: madirisha ya bweni yasiwe na grili, milango ifunguke kwa nje. Sasa mtoto huyo huyo shule zikifungwa anarudi Pipeline, analala nyuma ya grili na geti la kufuli. Serikali imemkinga akiwa bwenini, mbona imemwacha akiwa kwao?

Kuhusu sheria, Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 zinadai vifaa vya kuzimia, njia za dharura na mazoezi ya kujiokoa angalau mara moja kwa mwaka. Ila zimeandikwa kwa ajili ya mahali pa kazi. Mtu wa ofisini mjini anajua akisikia king'ora akakusanyike wapi. Sisi tunaolala mamia chini ya paa moja hatujawahi kuonyeshwa. Na msiniambie zimamoto watakuja. Ni kweli Katiba imezipa kaunti kazi hiyo, lakini lori likitoka kituo cha zimamoto cha Tom Mboya katikati ya mji likafika barabara ya Outering bado lina vichochoro, vibanda na magari yaliyoegeshwa mbele yake. Dakika za kwanza ni zetu wenyewe.

Mwenye ploti, Kayole

Ndugu yangu, sipingi kwamba ngazi ni yangu. Ila usituweke wote kapu moja. Niliweka mitungi kila orofa. Mmoja ukaibwa. Mwingine watoto waliuchezea mpaka korido ikajaa poda. Wa tatu niliukuta umezuilia mlango usipigwe na upepo. Mtungi ukishafyatuliwa hata kidogo tu, lazima ujazwe upya. Nani analipa? Tangu Januari 2024 KRA, mamlaka ya ushuru, inachukua asilimia 7.5 ya kodi ninayopokea, na inahesabu kabla sijatoa gharama hata moja. Benki nayo inasubiri mkopo wake.

Hilo kufuli la geti mliliomba nyinyi. Pikipiki ziliibwa, mkaitisha mkutano, mkasema geti lifungwe mapema. Grili vilevile, hakuna mpangaji anayekubali nyumba ya chini isiyo na grili. Na moto wenyewe unaanzia ndani ya nyumba ya mtu: gesi, mshumaa, pasi iliyosahauliwa. Humo mimi siingii. Kesho nikiongeza shilingi 200 kwa mwezi za usalama, wewe wa kwanza utalalamika.

Fundi stima, Umoja

Naomba niingilie, kwa sababu wote mnazungumzia kuzima na hamjagusa kinachowasha.

Mengi ya majengo haya yaliwekwa nyaya kwa hesabu ya taa, redio na televisheni. Leo kila nyumba ina shawa ya umeme, friji na birika. Shawa moja inavuta wati 5,000 na zaidi, halafu unaikuta imeungwa kwenye waya ule ule mwembamba wa soketi. Breka, swichi inayokata umeme ukizidi, inaanguka kila asubuhi watu wakioga, wapangaji wanapiga kelele, keateka anatumwa dukani alete breka kubwa zaidi. Kelele zinaisha. Lakini breka ile ndogo ilikuwa inaulinda waya. Sasa waya unachemka ndani ya ukuta na hakuna kinachoukata. Mzee wa Kayole, hilo halianzii ndani ya nyumba ya mtu. Linaanzia kwenye ubao wa mita, na ubao huo ni wako. Mpangaji anayechomeka ekstensheni juu ya ekstensheni naye asijifiche nyuma ya maneno yangu.

Kuhusu mitungi, mtu asipewe kifaa bila kuonyeshwa. Maji kwenye moto wa umeme yanaweza kukuua. Maji kwenye mafuta yanayowaka yanarusha moto hadi dari. Sufuria hiyo ifunike na uzime jiko. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja inatambaa sakafuni na kupita chini ya mlango hadi kwa jirani. Ukiisikia harufu yake usiguse swichi, iwe ni kuwasha au kuzima. Funga valvu, fungua mlango na madirisha, toka. Na ikiwa moto unatoka kwenye mpira wa gesi, ukiuzima kwa poda bila kufunga valvu, gesi inaendelea kumwagika na inaweza kulipuka. Nimekutana na watu wazima, wenye elimu zao, ambao hawajawahi kuambiwa hilo.

Mtungi wa poda wa kilo 6 unaisha kabla ya nusu dakika. Vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi zake, bana, fagia huku na huku. Ukiisha na moto bado upo, ondoka. Na ndiyo maana nasema hivi: kabla hujaanza kuzima, hakikisha mlango uko nyuma yako na uko wazi.

Keateka, Tassia

Mimi ndiye mwenye ufunguo mnayemsema. Usiku nikimpeleka mtoto hospitali, ufunguo naenda nao, maana tajiri alisema nisimwachie mtu. Nikifungua mwizi akaingia, nakatwa mshahara. Mafunzo ya moto sijawahi kupewa. Mkishakubaliana, tafadhali iandikwe kwenye karatasi, isije ikawa neno langu dhidi ya lake.

Mama Wawili, Roysambu

Pole sana kaka wa Tassia. Na wewe ndiwe jibu kwa wanaosema kanuni za 2007 haziwahusu. Ploti iliyoajiri keateka, ina kinyozi, duka na mama wa chapati orofa ya chini, angalau kwa sehemu hiyo ni mahali pa kazi. Mimi ningeanzia hapo kubishana na mwenye nyumba, badala ya kungoja sheria mpya. Kanuni mpya za ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, ni sawa, lakini ghorofa tunazolala tayari zimesimama.

Mwanzisha mada, hapa ndipo tunapotofautiana: kwa upande wa vifaa unaanza na mitungi, mimi ningeanza na king'ora cha moshi. Uingereza, tangu Oktoba 2015, mwenye nyumba analazimika kuweka king'ora kwenye kila orofa ya nyumba anayopangisha na kuhakikisha kinafanya kazi siku mpangaji anapoanza kuikalia. Baada ya hapo mpangaji ndiye anayetarajiwa kukijaribu. Mtungi wa kuzimia hawamlazimishi katika nyumba ya kawaida ya familia moja. Mantiki yao ni kwamba mtu aliyelala anauawa na moshi kabla moto haujamfikia, kwa hivyo aamshwe kwanza. Vipo vya betri visivyohitaji fundi wala waya. Ubaya wake, katika bedsita mnapopikia na kulala chumba kimoja kitalia kila mkikaanga vitunguu, na watu watatoa betri. Pale bora king'ora kinachopima joto, na cha moshi kiwekwe koridoni.

Hata huko sheria haikutosha. Juni 2017 watu 72 walikufa Grenfell Tower, London. Moto ulianzia kwenye friji ya mpangaji mmoja, lakini kilichousambaza jengo zima ni vifuniko vilivyokuwa vimebandikwa kwenye kuta za nje. Hakuna mpangaji ambaye angeweza kuvibandua.

Mpangaji, Pipeline

Mama Wawili, kuhusu king'ora umenishawishi. Kitangulie mtungi. Lakini vyote viwili vitangoja geti, kwa sababu kuamshwa ukakuta kufuli ni mateso tu.

Mzee wa Kayole, mia mbili nitalipa. Siku zote tumelipia takataka na mlinzi bila vita. Ninachotaka ni risiti ya aliyekagua mitungi, ibandikwe pale ngazini tuione sote, na pesa hiyo isigeuzwe kuwa nyongeza ya kodi kwa jina lingine. Mtungi uliofyatuliwa na mtoto wangu nitaujaza mimi. Uliochakaa ukutani utaujaza wewe. Gesi, mpira wake na ekstensheni za ndani ni zangu. Ubao wa mita, nyaya za ukutani na breka ni zako, na fundi aliyesajiliwa avipime kabla mpangaji mpya hajapewa ufunguo wa nyumba. Haya yote yaingie kwenye mkataba, kama alivyoomba keateka.

Kuhusu wezi, nakubali tuliomba geti lifungwe. Hatukuomba tufungiwe. Komeo linalofunguliwa kwa mkono kutoka ndani, lililokingwa kwa bati ili mtu wa nje asilifikie, linamzuia mwizi na linamtoa mama mwenye mtoto mgongoni. Grili nayo inaweza kuwekwa bawaba kwenye dirisha moja la kila nyumba ya chini. Sisi wa juu dirisha halitusaidii, tunahitaji paa. Hapa Pipeline majengo yamekaribiana kiasi kwamba unaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani. Moto ukiziba ngazi huko chini na moshi haujatufikia, njia iliyobaki ni kupanda juu na kuvukia jengo la pili. Komeo la geti halifiki nusu ya kodi ya bedsita ya mwezi mmoja. Utaliweka?

Mwenye ploti, Kayole

Komeo nitaliweka, na fundi wa kuchomea nitamuuliza kuhusu grili za chini. Mkataba tuuandike pamoja, mlete mtu wenu. Paa bado siwezi. Ukuta wa ukingoni unafika gotini, watoto watapanda kucheza mchana, na mmoja akianguka ni mimi nitakayeshtakiwa. Ukiinuliwa nitatoa kufuli. Mia mbili zenu hazitoshi kuujenga, kwa hivyo niambieni tunaujenga kwa pesa gani.