Naomba ushauri: jiwe la "Mwanzilishi wa Mji"

Wakuu, salaam. Mji wetu mdogo uko Dodoma, barabara ya kwenda Morogoro. Kamati inataka kuweka jiwe la marumaru stendi: "Mheshimiwa Fulani, Diwani, Mwanzilishi wa Mji, 1974." Fundi ameshapewa maneno, bado kuchonga tu.

Kinachonitatiza ni huo mwaka. Halmashauri za wilaya zilifutwa 1972 wakati wa madaraka mikoani (serikali kuu ilipopeleka watendaji wake kuendesha mikoa na wilaya), zikarudi 1984. Sasa diwani wa 1974 alikaa baraza gani? Huku kwetu watu walikusanywa kwenye vijiji vya ujamaa kwa Operesheni Dodoma ya 1971, na usajili wa vijiji ukaja na sheria ya 1975. Mamlaka ya mji mdogo ni habari nyingine kabisa: ni Sheria Na. 7 ya 1982 (ya serikali za mitaa, mamlaka za wilaya), na hutangazwa na Waziri kwenye Gazeti la Serikali. Kazi ya mzee siipingi. Kuwafanya wenye mashamba waachie eneo la soko bila kufikishana mahakamani si mchezo.

Wenye uzoefu, nianzie wapi kutafuta ushahidi? Mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji na ya WDC (Kamati ya Maendeleo ya Kata), au Nyaraka za Taifa, ambako mafaili yasiyotimiza miaka 30 hayafunguliwi hivi hivi? Muhtasari wenye saini ya mwenyekiti lakini usio na orodha ya mahudhurio (mchwa wamekula kurasa za mwisho) unakubalika kama ushahidi? Na "mwanzilishi" libaki, au tuandike "aliyesimamia maombi ya mji"? Familia yake nayo inasubiri jibu.